Mji juu ya mwamba: je, picha niliyopewa ni ya Escher kweli?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Naishi Rotterdam, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Bibi mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu amehamia nyumba ya wazee. Wanawe walipokuwa wanahamisha vitu wakanipa picha iliyokuwa ukutani sebuleni, wakasema mama yao alijua naipenda. Ni nyeusi na nyeupe tupu: mji mdogo wa mawe umekaa juu ya mwamba, nyumba zimebanana hadi ukingoni. Nyuma ya fremu kuna kikaratasi kimeandikwa "Vitorchiano". Nilipotafuta mtandaoni likatokea jina la Escher. Mimi Escher ninayemjua ni yule wa ngazi zisizokwisha na samaki wanaogeuka ndege. Ndiye huyu? Nitajuaje kama ni chapa halisi au ni bango tu? Mfanyakazi mwenzangu anasema hata kama ni yake, kazi za mwanzoni hazina maana, alikuwa bado anajifunza. Na la mwisho: ikiwa ina thamani, niwaambie walionipa au ninyamaze?

Jibu

Marahaba, dada. Tahadhari kwanza: usiifute kwa kitambaa chenye maji, usibandue selotepu yoyote iliyoko nyuma, wala usiing'oe kwenye fremu kwa nguvu. Kama ni karatasi ya miaka mia moja, haitakupa nafasi ya kujaribu mara ya pili. Iweke mahali ambapo jua la dirishani haliifikii, halafu tuzungumze.

Ndiyo, ndiye huyo huyo. Maurits Cornelis Escher, aliyezaliwa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, tarehe 17 Juni 1898, alichonga chapa ya mbao ya mji wa Vitorchiano mwaka 1925. Jina lake kamili ni "Vitorchiano nel Cimino", kwa kuwa mji huo uko chini ya milima ya Cimini. Kama hiyo uliyo nayo aliichapa yeye kwa mikono yake au ilitoka kiwandani miaka hamsini baadaye, hilo ni suala jingine na nitalifikia. Nataka kwanza tumalizane na mwenzako anayesema Escher alikuwa anajifunza, kwa sababu ukimwamini utaitazama picha hiyo vibaya hata ikiwa halisi.

Mwaka 1925 Escher alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, hana jina, na anaishi kwa msaada wa wazazi. Baba yake alikuwa mhandisi wa mambo ya maji aliyewahi kufanya kazi Japani, mtu wa hesabu na mpangilio, na alitaka mwanawe apate taaluma inayoeleweka. Kwa hiyo mwaka 1919 kijana akapelekwa chuo cha usanifu majengo na sanaa za mapambo pale Haarlem, asomee majengo. Hakukaa sana upande huo. Mwalimu wa chapa wa chuo hicho, Samuel Jessurun de Mesquita, aliona kazi zake, akamwambia mahali pake ni kwenye ubao na kisu. Escher akahama. Huyo mwalimu alikuwa Myahudi, na mwaka 1944 Wajerumani walimkamata nyumbani kwake na kumuua Auschwitz. Escher alikwenda kwenye nyumba iliyoachwa wazi, akaokota kazi alizoweza kuziokota na kuzipeleka makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam. Karatasi moja aliyoikuta sakafuni ikiwa na alama ya buti la askari aliitunza mwenyewe. Nakutajia hayo kwa sababu mkono unaouona kwenye picha yako ulifundishwa na mtu huyo: weusi mzito, weupe mkavu, na hakuna kitu cha kati kinachoachwa bila sababu.

Alipomaliza chuo mwaka 1922 akaenda Italia: Florence, San Gimignano yenye minara, Volterra, Siena. Mwaka huo huo akapita Hispania, akaiona Alhambra, kasri la kale la watawala Waislamu pale Granada, kisha akarudi Siena. Mwaka 1923, akiwa Ravello juu ya pwani ya Amalfi, akakutana na Jetta Umiker. Wakaoana mwaka uliofuata, wakaweka makazi Roma. Waliishi huko mpaka 1935. Kwa hiyo Escher wa Vitorchiano ni bwana harusi mpya, ana mji mkubwa mlangoni kwake, lakini anapotafuta cha kuchonga anatoka nje ya Roma na kupanda milimani.

Vitorchiano uko kaskazini mwa Roma, jirani na Viterbo. Umejengwa juu ya mwamba wa peperino, jiwe la kijivu la volkano, laini kiasi cha kuchongeka na gumu kiasi cha kubeba kuta kwa karne nyingi. Pembeni kuna mabonde yaliyokatwa wima na maji, hivyo upande wa mabondeni mji haukuhitaji ukuta mwingi. Mwamba wenyewe ulitosha kumzuia adui. Miji mingi ya Italia ya kati imekaa hivyo, na sababu hazikuwa za mandhari: vita vya miji jirani, majeshi yanayopita, na malaria ya tambarare. (Kuna kichekesho kidogo: mwaka 1990 wachongaji kutoka Kisiwa cha Easter walichonga hapo sanamu kubwa la moai kwa jiwe hilo hilo la peperino. Escher hakuliona, na sidhani kama angelichonga.)

Lakini jambo lenye uzito kwa picha yako ni hili: nyumba za Vitorchiano zimejengwa kwa jiwe lile lile zililokalia. Rangi ni moja. Ukisimama ng'ambo ya bonde, kuta za nyumba zinashuka wima, na chini yake mwamba nao unashuka wima, na macho yanashindwa kusema mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Mpiga picha mwenye kamera ataliacha fumbo hilo kama lilivyo. Mchongaji hana njia ya kulikwepa. Lazima aamue.

Hapo inabidi nikueleze chapa ya mbao inavyofanya kazi. Ifikirie kama muhuri wa mwenyekiti wa mtaa: kinachobaki juu ndicho kinachoshika wino, kilichochimbwa kinabaki cheupe kwenye karatasi, na maandishi yamechongwa kinyume ili yasomeke sawa. Escher alichukua ubao wa mpeasi (huo mti wa pea za Ulaya, usije ukadhani ni mparachichi), mbao yenye nyuzi zilizobanana zisizokatika ovyo. Akahamishia mchoro juu yake, kisha akaondoa kwa kisu na patasi ndogo kila sehemu iliyotakiwa kuwa nyeupe. Ubao ukiachwa bila kuguswa hutoa weusi mtupu. Kwa hiyo mchongaji anaanza na usiku na kila anapokata anaingiza mwanga, na akishakata hakuna kufuta. Ukikosea mstari wa penseli unachukua raba. Ukikosea mstari wa patasi umeshapoteza kipande cha mji.

Na wino ni mmoja. Kijivu hakipo. Sasa jiulize: utachongaje jiwe la kijivu, mchana, bila kuwa na kijivu? Jibu la Escher ni mistari. Iliyo minene na yenye nafasi ndogo hutia giza, iliyo myembamba na yenye nafasi kubwa hutoa mwanga, na mwelekeo wake humwambia mtazamaji uso wa kitu umelalaje. Chukua picha yako, isogeze karibu na taa, tafuta mahali ukuta wa nyumba ya mwisho unapokutana na mwamba. Usitazame nyumba wala mwamba, tazama mistari peke yake: inakwenda upande gani juu, inakwenda upande gani chini, na inabadilikia wapi. Hapo ndipo mchongaji alipoamua kwamba hili ni jiwe la mungu na lile ni jiwe la fundi. Sehemu ya kwanza ya kumpima mchongaji yeyote wa miji ya namna hii ni pale. Madirisha na mapaa kila mtu anaweza.

Ndiyo maana sikubaliani na neno "anajifunza". Mwaka 1929 Escher alianza litografia, yaani kuchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini lililosuguliwa, na huko kijivu kipo cha kila aina. Chapa yake ya kwanza ya namna hiyo ni mji mwingine wa mlimani, Goriano Sicoli, mkoa wa Abruzzi. Mwaka uliofuata akatoa "Castrovalva", na mtu akikuambia hiyo ndiyo picha yake bora ya mandhari sitabishana sana: ukingo wa mlima upande mmoja, mji umening'inia juu, na bonde liko chini kiasi kwamba magoti yanalegea. Lakini "Castrovalva" isingekuwa vile kama asingepita miaka ya kunyimwa kijivu. Mtu aliyezoea kuamua kila mstari hata akipewa vivuli vyote duniani hatavimwaga ovyo. Nikiwekewa zote mbili mezani, nitachukua "Castrovalva" niitundike na Vitorchiano niisome.

Sasa lile la samaki na ndege. Picha unayoikumbuka ni "Anga na Maji I" ya mwaka 1938. Nayo ni chapa ya mbao! Kisu kile kile, wino ule ule mmoja. Chini samaki ni weupe ndani ya maji meusi. Juu ndege ni weusi kwenye anga jeupe. Katikati nafasi kati ya samaki inakuwa ndege bila wewe kuona ilipobadilikia. Wengi wanadhani wazo hilo lilimshukia ghafla kutokana na vigae vya Alhambra, alikorudi mwaka 1936 akakaa akivinakili. Vigae vina haki yao, yeye mwenyewe alikiri deni hilo mara nyingi. Mimi naongeza deni la pili ambalo watu hulipitia haraka: miaka kumi na mitatu kabla ya samaki kugeuka ndege, mwamba ulikuwa unageuka nyumba, na alikuwa amekaa ng'ambo ya bonde akitafuta mpaka wake kwa ncha ya patasi. Ushahidi uko wazi zaidi kwenye "Metamorphosis I" ya mwaka 1937. Upande mmoja kuna Atrani, mji wa pwani ya Amalfi aliouchora mwaka 1931, nyumba zimepandana. Polepole nyumba zinapoteza madirisha na mapaa, zinakuwa maboksi matupu, na maboksi yanaendelea kugeuka mpaka kuwa kijana wa Kichina. Atrani ukarudi tena katika "Metamorphosis II", safari hii ukiishia kwenye ubao wa sataranji. Italia haikumtoka. Aliivunja vipande akaitumia.

Aliondoka kwa sababu ya siasa. Utawala wa Mussolini ulifikia kumvalisha mwanawe mkubwa, mtoto wa miaka tisa, sare ya vijana wa kifashisti shuleni, na Escher, mtu asiyependa makelele ya siasa za upande wowote, akafunga mizigo mwaka 1935 na kwenda Uswisi, kisha Ubelgiji, na hatimaye Baarn hapo Uholanzi mwaka 1941. Baadaye aliandika kwamba mandhari na majengo ya huko kaskazini hayakumvutia kama ya kusini mwa Italia, ndipo akalazimika kuchota kutoka kichwani mwake. Theluji ya Uswisi ilimchosha tu.

Nisipite bila kukugusia zile safari zenyewe, kwa sababu watu hudhani alichora kutoka hotelini. Kila mwaka baridi ikishapungua alitoka na begi la mgongoni, kwa miguu, kwa punda, kwa treni za mikoani: Abruzzi, Sicily, Corsica, Calabria. Alichora na kupiga picha, akarudi Roma, na miezi ya baridi akakaa na ubao. Mwaka 1930 alizunguka Calabria na wenzake watatu, na mmoja wao, Robert Schiess wa Uswisi, alibeba ala yake ya nyuzi, zitha. Walipofika vijiji ambavyo wageni hawajulikani na watu wamewakazia macho, Schiess alikuwa anakaa na kuipiga, na nyuso zikafunguka. Safari hiyo ilizaa Morano, Pentedattilo, Rocca Imperiale na nyingine. Itafute "Morano" ukipata nafasi, nayo ni chapa ya mbao: mlima wote umefunikwa nyumba hadi kileleni, na hakuna pa kuweka mguu.

Basi tuje kwenye fremu yako. Nitasema ukweli bila kuzunguka: kwa idadi tu, picha nyingi za Escher zilizoko majumbani Uholanzi ni za kiwandani. Zimechapwa kwenye mabango, kalenda na vitabu vikubwa ambavyo watu hukata kurasa na kuziwekea fremu nzuri. Lakini mji kama Vitorchiano haununuliwi sana kama bango, wanaonunua mabango wanataka ngazi na mijusi, kwa hiyo sitaki kukukatisha tamaa kabla hujaangalia.

Nunua au azima lenzi ya kukuzia mara kumi, ile wanayotumia masonara. Tazama mpaka wa weusi na weupe. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, mjadala umekwisha, hiyo ni ya mashine. Ila usipoviona usifurahi mapema: picha isiyo na kijivu inaweza kuchapwa kiwandani bila vidoti kabisa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Inabidi uendelee. Kwenye chapa ya mbao, wino mara nyingi hujikusanya kidogo kwenye ukingo wa mstari kwa sababu umesukumwa pembeni wakati wa kubana, na ndani ya eneo kubwa jeusi unaweza kuona wino haukulala sawasawa, pengine hata nyuzi za ubao zimejitokeza kwa mbali. Weusi wa mashine ni sawia kutoka kona hadi kona.

Kipimo kinachonishawishi zaidi kiko nyuma ya karatasi. Escher hakuhitaji mashine kuchapa mbao zake. Alipaka ubao wino kwa rola, akaweka karatasi juu, kisha akasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko kidogo cha mfupa, kipande kwa kipande, mpaka kila mstari ushike. Karatasi aliyoipendelea ni nyembamba ya Kijapani, imara na yenye nyuzi ndefu. Karatasi ya namna hiyo ikisuguliwa hivyo huacha dalili mbili: picha huonekana kwa mbali upande wa nyuma, na kuna mng'ao wa michirizi mahali kijiko kilipopita. Mtu wa fremu akikufungulia nyuma, usiguse picha; zima taa ya juu, laza tochi ya simu pembeni kabisa ili mwanga uteleze juu ya karatasi, utaiona michirizi kama ipo. Bango haliwezi kuwa nayo.

Kipimo kingine cha bei rahisi ni taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, na chini ya taa hiyo huwaka rangi ya bluu. Ya mwaka 1925 haiwaki hivyo. Ikiwaka, basi karatasi hiyo si ya mwaka 1925 hata ikiwa na sahihi tamu kiasi gani.

Sahihi yenyewe utaitafuta kwenye ukingo mweupe chini ya picha, kwa penseli. Risasi ya penseli hung'aa kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, na ncha huacha mfereji mwembamba. Chapa nyingi alizochapa mwenyewe Escher aliziandikia kwa Kiholanzi "eigen druk", kuonyesha kwamba mikono ni yake. Kama fremu imeficha ukingo kwa kadibodi, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kumpelekea fundi wa fremu anayejua karatasi. Mwambie mapema kwamba inaweza kuwa chapa halisi, na umwombe asikate chochote. Ukingo uliokatwa ili picha ienee kwenye fremu ni pigo kubwa kwa chapa, na watu hufanya hivyo kila siku. Neno moja juu ya sahihi: ikikosekana usihuzunike, ikipatikana usipige vigelegele. Karatasi, wino na mgongo ndio mashahidi; sahihi mtu yeyote anaweza kuiandika.

Kuhusu bei, mwenzako amekosea hesabu. Mwaka 1925 hakuna aliyekuwa anagombania kazi za Escher, hivyo hakuwa na sababu ya kuchapa nyingi. Umaarufu ulimjia miaka ya 1950, na chapa za baadaye alizichapa tena na tena mpaka akachoka na maombi. Za Italia zilibaki chache. Chapa halisi ya kipindi hicho, ikiwa safi na ukingo wake mzima, huuzwa mnadani kwa maelfu ya yuro. Bango la mji ule ule halitakulipia hata nauli ya kulipeleka mnadani. Katikati ya hayo mawili hakuna kitu, kwa hiyo usikubali mtu akununulie "kwa bei ya kati" kabla hujapata jibu la mthamini wa chapa anayejitegemea, asiye na nia ya kuinunua.

Na ukigundua ni ya kiwandani bado ni picha nzuri, uliipenda kabla hujajua jina lolote. Itundike. Usichoruhusiwa ni kuigeuza biashara: Escher alifariki tarehe 27 Machi 1972, na kwa sheria za Ulaya picha zake zinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2042, hivyo wazo la kuziweka kwenye vitenge na vikombe liache.

Sasa niseme au ninyamaze. Sema, dada, na sema kabla hujapeleka picha kwa mthamini. Sababu ya kwanza ni ya kazini: mashirika mengi ya huduma za wazee yana kanuni juu ya zawadi, na zawadi iliyoanza kama picha ya ukutani ikageuka maelfu ya yuro inaweza kukuletea maswali ambayo hukuyatafuta. Soma mkataba wako, muulize msimamizi kwa maandishi. Sababu ya pili ni ya wale watoto wa bibi. Walikupa kwa moyo mweupe wakidhani wanatoa pambo. Waandikie barua fupi: picha mliyonipa inaweza kuwa chapa halisi ya Escher, nataka ikaangaliwe, mngependa tufanyeje? Wakisema ni yako, wasaini maneno hayo na uweke karatasi mahali salama. Wakitaka irudi, irudi. Kitu cha namna hii kikifika mnadani swali la kwanza wanalouliza ni kimetoka kwa nani, na wewe utataka kuwa na jibu lenye sahihi. Waulize pia kama mama yao anakumbuka alikoipata. Kama ilinunuliwa na wazazi wake miaka ya 1920 au 1930, hiyo ni habari yenye uzito kwa mthamini, na yeye bado yuko hai wa kuisimulia.

Wakati unasubiri, panda treni uende Den Haag, ni karibu nusu saa kutoka kwako. Pale Lange Voorhout kuna jumba lililokuwa la Malkia Emma, na tangu mwaka 2002 ni makumbusho ya Escher. Watu wote watakimbilia ngazi na maporomoko ya maji. Wewe anza na Italia, usogee karibu na kioo kadiri walinzi watakavyokuruhusu, utazame mistari ya kwenye kuta kama nilivyokueleza, ili jicho lako lijue wino wa ubao unakaaje kwenye karatasi kabla hujaihukumu ya kwako.

Kisha nitumie picha nne: mbele nzima, ukingo wa chini kwa karibu, sehemu nyumba ya mwisho inapokutana na mwamba ukiwa umepiga kupitia lenzi, na mgongo wa karatasi mwanga ukitokea pembeni. Hiyo ya nne ndiyo naisubiri zaidi.